Maoni Kuhusu Sanduku

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimesema maneno manne tu kazini. Mawili yalikuwa "asante", moja "ndiyo", na la nne lilikuwa jina langu, ambalo hakuna aliyelisikia, kwa hiyo wameanza kuniita Mgeni.

Naandika hapa ili yale mengine niliyotaka kusema yapate pa kukaa. Nimemaliza shule. Hadi mvua zitakapokwisha niko kwa majaribio kwenye chumba kimoja kikubwa juu ya duka la magodoro, ambako watu wanne wanaandika programu za simu. Nikifaa, nitabaki. Nisipofaa, nitakwenda kwa shangazi nimsaidie dukani. Shangazi ni mtu mwema, lakini dukani inabidi uzungumze na kila anayeingia.

Jumanne, 4 Machi

Watu wenyewe ni hawa. Bosi ni mwanamke mfupi anayesema sentensi moja kisha anaondoka. Mkongwe ana mvi kidevuni na alianza kazi hii kabla sijazaliwa. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba bila kugeuza kichwa. Dada Rangi huchora skrini zinavyotakiwa kuonekana. Kaka Chapuchapu hufanya kila kitu mbio, hata kunywa chai ya moto.

Kazi yao kubwa ni programu ya wasoma mita wa mamlaka ya maji. Wasoma mita ni kumi na watano. Wanapita nyumba kwa nyumba, wanaandika namba ya mita kwenye simu, wanagusa kitufe cha Hifadhi, wanakwenda nyumba inayofuata.

Skrini zake zimeandikwa kwa lugha inayoitwa Sanduku. Haifanyi hesabu. Kazi yake ni kupanga kile mtu anachokiona na kukigusa. Unafungua sanduku, unaweka kitu ndani, unalifunga. Ndani ya sanduku waweza kuweka masanduku mengine. Maneno yake yamewekwa kwa lugha yetu: Picha, Maandishi, Kitufe. Nimeisoma leo kwa mara ya kwanza na nimeielewa. Nilitaka kumwambia mtu kwamba nimeielewa, lakini sikumwambia.

Ijumaa, 7 Machi

Wamegombana tena kuhusu Sanduku. Mkongwe anasema ni mapambo. Dada Rangi anasema Mkongwe ana wivu. Kaka Chapuchapu anasema tuendelee na kazi. Baadaye Bosi akanijia mezani.

"Mgeni, wewe huongei, basi utasikiliza. Hawa watatu wananichosha mwaka mzima. Chukua maoni yao, yaandike. Mwisho wa mvua utayasoma mbele yetu, na siku hiyohiyo nitaamua tubaki na Sanduku au tuitupe."

"Niyasome?"

"Kwa sauti," akasema, akaondoka.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua za kwanza. Ngazi za ofisini zina harufu ya magodoro mapya.

Jumatano, 12 Machi

Nimeanza na Dada Rangi kwa sababu hutabasamu. Nilimwuliza, "Dada, unaionaje Sanduku?"

Akasukuma kiti nyuma. "Mdogo wangu, kaa chini. Zamani nilikuwa nachora kitufe, nampelekea Mkongwe. Ananiambia njoo kesho. Kesho ananiambia njoo kesho. Kikija kutoka, kimekuwa cha kijani! Mimi nilichora cha bluu! Sasa naandika mwenyewe. Andika hapo: ni ukombozi."

"Niandike ukombozi?"

"Kwa herufi kubwa."

Mkongwe alikuwa anasikia. "Na andika hapo chini," akasema, "kwamba kitufe kile kilikuwa kijani kwa sababu bluu yake ilikuwa haisomeki juani."

"Ilisomeka!"

"Kwa paka."

Nimeandika yote mawili.

Alhamisi, 13 Machi

Kaka Chapuchapu: "Iko sawa tu. Ina shida zake. Basi?" Hayo ndiyo maoni yake yote. Lakini aliniazima chaja yake na akanionyesha njia ya mkato ya kufika kituoni bila kuloa. Nampenda kuliko wote. Yaani kama kaka.

Jumatatu, 17 Machi

Nimemwogopa Mkongwe siku nne. Leo nimemwendea na daftari nimelishika kama sinia.

"Mzee, samahani. Unaionaje Sanduku?"

"Umetumwa?"

"Ndiyo, Mzee."

"Andika. Lugha ambayo kila mtu anaweza kuiandika, kila mtu ataiandika. Simu zinachukua skrini mpya kila asubuhi zenyewe. Mtu akikosea jioni, asubuhi kosa liko mikononi mwa watu kumi na watano. Zamani kubadilisha kitu kulichukua wiki, na wiki hiyo ndiyo iliyotuokoa. Umemaliza?"

"Bado neno la mwisho."

Akasubiri nikamaliza, kisha akarudi kwenye kioo cha kompyuta yake kana kwamba sijawahi kuwepo. Ni mtu mkali. Sidhani kama anapenda mtu yeyote aliye chini ya miaka arobaini.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Umeme ulikatika hadi saa nane. Mkongwe amesoma gazeti moja mara mbili.

Jumatatu, 24 Machi

Ugomvi wa Jumatatu. Nimehesabu: ukombozi mara tano, mapambo mara saba.

Jumapili, 30 Machi

Baba anachora mabango ya maduka, na msimu wa mvua rangi haikauki, kwa hiyo yuko nyumbani anarekebisha vitu ambavyo havijaharibika. Mama amemfichia nyundo. Leo Baba aliniona nimeinamia daftari akaniuliza kulikoni. Nikamsomea maoni yote.

Alicheka hadi akajifuta macho. "Sasa hapo mwanangu umeandika nini? Huyu anaipenda, huyu haipendi. Ni kama kuuliza watu juu ya wali wao."

"Ndivyo walivyosema."

"Mimi nina brashi siipendi. Ukiniuliza naionaje, nitakutukania aliyeitengeneza. Ukiniambia nikuonyeshe ilipoharibu, nitakupeleka mpaka kwenye bango lenyewe. Waambie wakuonyeshe."

Nimefuta swali langu. Swali jipya ni hili: Nionyeshe mahali Sanduku ilipokupotezea siku nzima.

Jumatano, 2 Aprili

Ajabu. Kwa swali jipya hawapigi kelele. Dada Rangi alifungua skrini ya mwezi wa nane na kuniambia taratibu, "Hii. Usimwambie Mkongwe." Maandishi yalikuwa yamepotea, akayatafuta kuanzia asubuhi hadi jioni. Hakumbuki aliyapataje.

Mkongwe naye alinionyesha yake. Kitufe kilikuwepo kwenye faili lakini hakikuonekana. Hakuniambia kwa nini. Simu yake iliita.

Ijumaa, 4 Aprili

Sijapata muda wa kuandika. Kiatu cha kushoto kinavuja.

Jumatatu, 14 Aprili

Leo nimepewa kazi ya kweli! Wasoma mita wameomba neno moja libadilishwe kwenye skrini yao: badala ya "Namba" iandikwe "Namba ya mita". Bosi aliuliza nani ana nafasi, na Dada Rangi akasema, "Mpe Mgeni, ni neno moja."

Nilibadilisha. Kisha nikaona mistari ya faili lile imekaa ovyo ovyo: Picha, halafu Maandishi, halafu Kitufe. Shuleni nilikuwa nasimamia maktaba, na siwezi kuona vitu vimekaa hivyo nikaviacha. Nikaipanga kwa alfabeti: Kitufe, Maandishi, Picha. Ikapendeza. Nikaifungua kwenye kompyuta yangu kuhakikisha. Mtandao ulikuwa mzito kwa mvua na ile picha ya nyuma haikufunguka, lakini maandishi na kitufe vilikuwepo, kila kimoja mahali pake.

Jumatatu jioni ndiyo siku ya kupeleka skrini mpya. Sharti Kaka Chapuchapu azipitie kwanza. Aliniuliza, "Ni neno moja tu?" Nikasema ndiyo. Akapeleka.

Nimetembea hadi kituoni bila mwavuli na sikujali.

Jumanne, 15 Aprili

Nataka kuandika yote kama yalivyotokea.

Saa mbili na nusu asubuhi simu ya ofisi iliita. Bosi akaifungulia sauti wote tusikie. Alikuwa mzee anayewaongoza wasoma mita, na nyuma yake mvua ilikuwa inapiga bati.

"Dada, tunaona maji tu."

"Maji gani?"

"Maji! Juu maji, chini maji, na kwenye simu maji! Picha ya matone, basi. Hakuna pa kuandika, hakuna pa kugusa. Vijana wangu wote kumi na watano wananiuliza mimi kama ndiye niliyeleta mvua."

Nilijua. Sikujua kwa nini, lakini nilijua ni mimi, kama mtu anavyojua kuwa ameacha jiko linawaka. Nilimtazama Kaka Chapuchapu. Alikuwa anatazama kibodi yake.

Bosi aliuliza, "Nani aligusa skrini ile jana?"

Dada Rangi alinitazama kwa huruma na huruma yake ikanimaliza. Niliinua mkono kama niko darasani.

"Nilipanga mistari," nikasema. "Kwa alfabeti."

"Ulifanya nini?" akauliza Dada Rangi.

"Niliipanga. Ilikuwa imekaa ovyo."

Nilimsubiri Mkongwe acheke. Nilimsubiri aseme "si niliwaambia". Badala yake alivuta kiti cha pili mpaka kwenye meza yake na kukipigapiga. "Njoo hapa uone."

Nikaenda. Alifungua faili. "Sanduku inachora kuanzia juu kwenda chini," akasema. "Mstari wa kwanza unachorwa kwanza, wa pili unakaa juu yake, wa tatu juu ya hao. Wewe picha umeiweka wapi?"

"Mwisho."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo imefunika kila kitu."

"Basi. Hamisha."

"Mimi?"

"Uliiweka wewe."

Nilihamisha mstari mmoja kutoka chini kwenda juu. Aliusoma, akaupeleka, akampigia mzee wa mita na kumwambia wafunge programu na kuifungua tena. Nilitazama saa ya ukutani. Tangu avute kile kiti zilikuwa zimepita dakika nne.

Lakini asubuhi yenyewe haikurudi. Saa tano mzee wa mita alipanda ngazi mwenyewe, koti linachuruzika, akamwaga mezani bahasha ya karatasi. Wakati simu zimekufa, vijana wake waliandika namba kwa kalamu, na mvua ikazifuta. Mitaa miwili yote ilitakiwa kusomwa upya.

"Nani amefanya hivi?" akauliza, akimtazama Mkongwe.

"Ofisi," akajibu Mkongwe.

Sikutegemea jibu hilo. Nikasikia sauti inasema, "Kesho nitakwenda nao nikasome mitaa hiyo," na sauti ilikuwa yangu.

Nyumbani nilimweleza Baba. Alijaribu kutocheka kwa muda mrefu sana. "Umeandika bango, halafu ukalipaka rangi lote," akasema. Mama akamwambia aninyamazie nile. Sikula sana.

Jumatano, 16 Aprili

Nimesoma mita hamsini na tatu. Nyingine ziko ndani ya mashimo yenye vifuniko, na ndani ya mashimo mna vyura.

Mzee wa mita alinipa koti lake la akiba na kuniita binti wa alfabeti siku nzima. "Binti wa alfabeti, anza na nyumba A!" Lakini alikuwa ananingoja kila kona.

Nimejifunza kitu ambacho hakimo katika maoni yote niliyokusanya. Simu ikinyeshewa, tone la maji linagusa skrini kama kidole. Kitufe cha Futa kiko bega kwa bega na Hifadhi. Mara tatu mvua ilifuta namba niliyoandika, nikalazimika kurudi shimoni kwa vyura. Nikamwuliza mzee kama huwa hivi siku zote.

"Kila msimu."

"Mbona hamjasema?"

"Tuliambiwa tuombe maneno. Hatukuambiwa tunaweza kuomba vitufe."

Alhamisi, 17 Aprili

Nilimwambia Dada Rangi habari ya matone kabla hajakaa. Aliacha mkoba begani, akafungua kompyuta, akahamisha Futa hadi kona ya juu na kuifanya iulize kwanza kabla ya kufuta. Dakika kumi. Kisha akafanya jambo ambalo sijawahi kumwona akifanya: alimpelekea Mkongwe aisome.

Mkongwe aliisoma yote. "Hapa umesahau kufunga sanduku."

"Wapi?"

"Hapa."

"Asante," akasema Dada Rangi, na wote wawili wakaonekana kuona aibu.

Ijumaa, 18 Aprili

Hatukungoja Jumatatu: simu zote kumi na tano zimechukua skrini mpya asubuhi. Mzee wa mita amepiga: "Mwambieni binti wa alfabeti kwamba leo mvua haijafuta kitu."

Jumatatu, 28 Aprili

Hakuna ugomvi wa Jumatatu. Nimengoja mpaka saa kumi.

Jumanne, 6 Mei

Nimefungua upya mafaili ya siku walizopoteza. Ile ya Dada Rangi ya mwezi wa nane: picha ilikuwa chini ya maandishi yake kwenye faili. Ya Mkongwe: hivyohivyo. Watu wawili waliogombana mwaka mzima walipotezewa siku na jambo lilelile, na kila mmoja alificha.

Kaka Chapuchapu hajanitazama vizuri tangu siku ile. Sina hasira naye. Lakini nilidhani wema ni chaja na njia ya mkato, na mtu mkali ni yule asiyegeuza kichwa. Nilipanga watu kama nilivyopanga ile mistari.

Alhamisi, 15 Mei

Jua saa tatu nzima. Baba ametoka na ngazi yake akiimba.

Jumatano, 28 Mei

Ripoti ina kurasa mbili. Sijui niweke nini kuhusu Jumatatu ile. Nikiandika kosa langu, nampa Bosi sababu ya kuitupa Sanduku na kunitupa mimi pamoja nayo. Nikiliacha, ripoti itakuwa na shimo mahali ambapo kila mtu anajua pana shimo. Shangazi amempigia Mama kuuliza naenda lini.

Ijumaa, 30 Mei

Nimesoma. Nitaandika sasa kabla sijasahau.

Viti vilikuwa vitano kwenye duara na mimi nimesimama. Mzee wa mita alikuwepo pia, amealikwa na Bosi, koti limekauka. Nilianza.

"Sauti, Mgeni," akasema Mkongwe. "Mvua imekwisha, hatuna kisingizio."

Nikaanza upya. Nilisoma kwamba Dada Rangi anaipenda Sanduku kwa sababu inamwezesha kufanya kazi yake bila kungoja mtu, na kwamba Mkongwe anaiogopa kwa sababu haimngoji mtu. Nilisoma kuhusu siku mbili zilizopotea, na wote wawili wakageuka kutazamana. "Na wewe?" akanong'ona Dada Rangi. "Nyamaza, anasoma," akanong'ona Mkongwe.

Kisha nikafika ukurasa wa pili. "Siku ya tatu iliyopotea niliipoteza mimi," nikasoma. "Nilipanga mistari nisiyoielewa kwa sababu ilinikera. Watu kumi na watano walinyeshewa bure asubuhi nzima, na mitaa miwili ikasomwa mara mbili. Kwa hiyo hofu ya Mkongwe ni ya kweli. Lakini kosa hilo liliondolewa kwa dakika nne, na siku mbili baadaye urahisi uleule ulipitisha kitu ambacho wasoma mita walikihitaji kila msimu bila kukisema. Maoni yangu ni kwamba lugha hii haina kosa la kuwa rahisi. Kosa ni letu, kwamba kwa sababu ni rahisi, hatuisomi."

Nikakaa. Hapakuwa na kiti, nikakaa kwenye boksi la karatasi.

Kaka Chapuchapu aliinua mkono. Alikuwa amebadilika rangi. "Faili lile nilipeleka mimi. Sikulifungua. Aliniambia ni neno moja, nami nikaona... ni neno moja. Amesimama peke yake wiki sita na mimi nipo. Samahani, Mgeni."

Nilitaka kusema si kitu, lakini kilikuwa kitu, kwa hiyo nilisema, "Nimekusikia, Kaka."

Bosi alimgeukia mzee wa mita. "Wewe una maoni?"

"Mimi lugha yenu siijui. Msimu huu nimekasirika siku moja. Misimu mingine huwa nakasirika mpaka jua litoke."

Bosi akafunga kalamu yake. "Sanduku inabaki. Lakini haitoki skrini humu ndani bila mtu kuifungua na kuisoma mstari kwa mstari. Chapuchapu, si wewe. Nani?"

"Huyu," akasema Mkongwe, akinionyesha kwa kidevu. "Hakuna mwingine hapa anayeogopa vya kutosha."

Wote wakanitazama. "Nitakubali," nikasema, "lakini nifungue kila faili. La kila mtu. Hata la neno moja."

"Ndiyo kazi yenyewe," akasema Bosi. "Unaanza Jumatatu." Akaondoka.

Mama amempigia shangazi. Nilisikia shangazi akipiga vigelegele kwenye simu, na nadhani amefurahi kwa niaba ya wateja wake.

Jumatatu, 2 Juni

Mafaili matatu. La Dada Rangi safi. La Kaka Chapuchapu safi, na juu yake ameandika, "Nimelifungua mara mbili." La tatu lilikuwa la Mkongwe.

Nililisoma. Nikalisoma tena. Kisha nikakaa robo saa nzima nikitafuta namna ambayo mwenye kosa angekuwa mimi. Sikuipata. Nikainuka, nikaenda mezani kwake.

"Mzee, hili silipeleki."

Kaka Chapuchapu aliacha kuandika. Mkongwe aligeuza kichwa, polepole, akanitazama usoni. "Kwa nini?"

"Mstari wa thelathini na moja. Picha imewekwa chini ya kitufe."

Akafungua. Alisoma kwa muda mrefu, midomo inatembea. Kisha akahamisha mstari na kunirudishia.

"Soma tena," akasema. "Lote. Usiniamini."

Nimelisoma tena, lote, kuanzia juu. Lilikuwa sawa. Saa kumi na moja nimelipeleka.